Choroko za Mzee Tiketi

Mzee Tiketi hakuwahi kumwamini mtu anayesema "tiketi ninayo" kabla hajaulizwa. Kwa miaka thelathini na mmoja alipita kwenye treni behewa hadi behewa, koleo ya kutobolea tiketi mkononi, na aliyoyaona humo yalimtosha. Aliwajua wanaojifanya wamelala fofofo. Aliwajua wanaojifungia chooni vituo vitatu mfululizo. Aliwajua akina mama wenye heshima zao wanaoapa kwamba kijana wao, ndevu zimeshaanza kumtoka, bado hajafikisha miaka saba. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani na cheti chenye jina lililokosewa. Ile koleo hakupewa. Aliitia mfukoni mwenyewe, na hilo ndilo kosa pekee analokiri kulifanya kazini.

Shida ya mkaguzi ni kwamba yeye hustaafu, macho yake hayastaafu. Wiki ya kwanza tu nyumbani alianza kufunua masufuria. Akauliza kwa nini sabuni iliyofunguliwa Jumatatu imekonda hivyo siku ya Alhamisi. Akataka kujua nani amekalia kiti chake, maana mto umebonyea upande usio wake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mashine yake iko sebuleni karibu na dirisha, na wateja wakija kupima nguo waliulizwa maswali mlangoni kama wanavuka mpaka. Mama wa watu alivumilia miezi miwili. Wa tatu akazima mashine.

"Baba watoto," akamwambia, "tafuta kitu chako ukikague. Mimi niachie vyangu."

Kitu chenyewe kilitoka zahanati. Daktari alimwambia apunguze nyama, na muuguzi, alipoona uso wa mzee umeanguka, akamfundisha kuotesha choroko jikoni. Unaloweka kiganja kimoja cha choroko usiku kucha kwenye chupa ya mdomo mpana. Asubuhi unamwaga maji, unafunika mdomo kwa kitambaa chepesi na kukifunga kwa mpira, unailaza chupa imeinama ili ijichuje. Halafu ni kusuuza tu, asubuhi na jioni, mbali na jua. Siku ya nne unakula. Hakuna udongo wala jembe.

Mzee Tiketi hakuamini hata neno moja. Aliloweka choroko zake ili amrudie yule muuguzi na kumwonyesha uongo wake. Siku ya pili zikapasuka. Siku ya tatu zikatoa mikia myeupe, na siku ya nne chupa ilijaa hadi shingoni. Alionja moja, akatafuna polepole, akatafuta kosa. Hakuliona, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akacheka peke yake jikoni.

Kuanzia hapo chupa zikawa tatu, kila moja na umri wake, ili mezani zisikosekane. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, kila chupa ikapata kadi, aliyoikata kwenye boksi la viatu na kuitundika msumarini juu ya sinki. Suuza ya asubuhi, tundu upande wa kushoto. Suuza ya jioni, tundu upande wa kulia. Alitoboa kwanza, ndipo akachukua chupa. Kwenye treni ndivyo ilivyokuwa: ukishatoboa, shauri limekwisha, unamgeukia abiria anayefuata.

Mwezi wa tano wa choroko hizo, binti yao aliyeolewa mji wa mbali, safari ya siku mbili, alipiga simu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imemwelemea na daktari amemlaza kitandani hadi atakapojifungua. Alimtaka mama yake, na angemhitaji miezi miwili. Jumapili yake kaka mtu akaja kuzungumza. Huyu alikuwa fundi umeme, mtu mzima mwenye familia yake, na alikuwa na tabia ya kuangalia soketi za ukutani wakati anaongea na wazazi wake.

"Mama aende, hilo halina mjadala," alisema. "Ila baba habaki peke yake. Atakuja kwangu."

"Kwako wapi?" akauliza Mzee Tiketi.

"Kile chumba cha nyuma. Nitatoa waya na ngazi, tutaweka kitanda."

"Mimi na ngazi nani amezeeka zaidi?"

"Baba, tusitaniane. Sufuria ya chai umeshaisahau?"

Hakuisahau. Mwezi uliopita alibandika chai, akaenda kusikiliza taarifa ya habari, na sufuria ikaungua mpaka kitako kikafanya tundu. Majirani wawili walikuja na ndoo. Tangu siku hiyo kila mtu alimtazama kwa jicho la huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko ule moto. Alikijua kile chumba cha nyuma. Alijua atakavyoulizwa asubuhi na jioni, "Baba, umekula? Baba, umelala?" na wajukuu watakavyoambiwa wasimsumbue babu. Yeye alitaka kubaki kwake, kwenye nyumba aliyoijenga behewa kwa behewa, kama alivyopenda kusema.

Ndipo alipoweka dau lake mezani. "Choroko hazina huruma," alisema. "Ukizisahau mara mbili tatu, zinanuka na kuteleza. Nipeni wiki mbili. Ikiharibika chupa hata moja, nitakwenda kulala na ngazi. Zikipona zote, mtaniacha kwangu."

Kijana akamtazama mama yake. Mama alikuwa na pini tano mdomoni, akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Sawa," akasema. "Wiki mbili. Zikipona nitaondoka roho yangu imetulia."

Siku nne za kwanza zilikwenda salama. Ya tano, Mzee Tiketi alirudi kutoka kununua gazeti, akapitia jikoni kuzichungulia choroko zake, akagusa kitambaa cha chupa ya katikati. Kilikuwa kimelowa chapa. Tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, kitambaa chepesi namna ile, na siku ya joto! Akainusa chupa. Akaangalia kadi. Tundu la asubuhi lilikuwepo, duara, safi. Akainama kuangalia sinki, na sinki lilikuwa kavu kabisa. Hilo ndilo lililomshtua zaidi. Sinki la nyumba yenye watu wawili halikauki saa sita mchana ila mtu amelifuta.

Akairudisha chupa mahali pake. Mkaguzi mzuri hapigi kelele mlango wa behewa ukiwa wazi.

Siku ya sita alihesabu mizunguko ya mpira. Yeye alizungusha mara mbili, siku zote. Jioni akakuta mara tatu. Siku ya saba alichora mstari mwembamba wa penseli kwenye rafu, pale kitako cha chupa kinapokaa, na baada ya usingizi wake wa mchana akaikuta chupa imesogea upana wa kidole. Panya hafungi mpira. Jirani haingii jikoni bila kubisha. Wateja wa nguo wanaishia sebuleni. Alizungusha hesabu hiyo kichwani mara nyingi, na kila mara ilitua palepale, kwenye cherehani karibu na dirisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kwa nini? Alijua kwamba choroko zikizidishiwa maji na zisipojichuja vizuri zinaoza haraka. Mtu akitaka kumshinda mzee bila ugomvi, basi njia ndiyo hiyo: maji kidogo ya ziada, kimyakimya, mpaka chupa inuke. Halafu unasikitika mbele za watu, unasema, "Tulimpa nafasi, maskini." Alimtazama mkewe akipindisha upindo wa gauni la mteja, mguu ukikanyaga mashine taratibu, na akajiuliza kama miaka arobaini inatosha kumjua mtu.

Ushahidi ukaanza kuja wenyewe, na ndivyo ufanyavyo mtu akishaamua mwizi ni nani. Siku ya nane alimsikia mkewe kwenye simu na binti, sauti ya chini, mgongo umeelekea ukutani. "Hajui," alikuwa akisema. "Hapana, wala usimwambie. Kaka yako naye usimwambie." Mzee akarudi nyuma kwa kunyata, viatu mkononi. Siku ya tisa alifungua kabati kutafuta soksi akakuta mashati yake yote sita yamepigwa pasi, vifungo vyote vimekazwa upya, hata lile lililokosa kifungo tangu mwaka juzi. Yamekunjwa, yamepangwa. Nguo za msafiri! Dalili ya mvua ni mawingu, na haya yalikuwa na vifungo vipya.

Ilimuuma, tena sana. Alikula chakula cha mkewe bila kukisifu. Alipoulizwa kama anaumwa alijibu, "Naumwa na nini?" kwa namna ambayo mke yeyote angeacha sindano na kumtazama. Mkewe aliacha sindano, akamtazama, akaendelea kushona.

Siku ya kumi aliweka mtego. Alichukua punje moja ya choroko kavu, akaitia nukta ya wino mweusi, akaiweka kwenye mkunjo wa kitambaa shingoni mwa chupa, nukta ikitazama dari. Mtu akifungua, punje itaanguka. Akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kupumzika, akajilaza, akakoroma kwa ufundi alioujifunza kwa abiria wasio na tiketi. Bahati mbaya koromo la uongo likaleta usingizi wa kweli. Alipozinduka alikimbilia jikoni. Punje ilikuwa palepale, kwenye mkunjo wa kitambaa. Akapumua. Akainama kuitazama vizuri: nukta ilikuwa inatazama chini.

Alikaa kwenye kigoda. Mkewe, ambaye hutunga uzi sindanoni bila miwani, ameiona punje, ameiokota, na ameirudisha. Mwizi anayerudisha kitu mahali pake ni mwizi aliyekubuhu. Hakuwa na shaka tena. Lakini za mwizi ni arobaini, na Mzee Tiketi aliona kwamba hizi zimekaribia kutimia.

Siku ya kumi na tatu, Jumamosi, alivaa kofia akaaga kwamba anakwenda kinyozi. Akatoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akapita chini ya kamba ya kuanikia nguo, akasimama uani nyuma ya shuka lililoanikwa. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Hakungoja hata dakika kumi. Mkewe aliingia, akatega sikio upande wa mlango, akachukua chupa ya kwanza. Akafungua mpira. Akanusa. Akaijaza maji, akaitikisa taratibu, akamwaga, akajaza tena, akamwaga, akaiinamisha na kuishikilia mpaka tone la mwisho lilipodondoka. Akafanya hivyo kwa zote tatu. Kisha akalifuta sinki kwa khanga yake mpaka likakauka.

Mzee Tiketi alitokea mlango wa uani, shuka bichi limemng'ang'ania begani.

"Nimekukamata!"

Mkewe alishtuka, chupa nusura imponyoke. Halafu akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akavuta kigoda, akakaa.

"Haya," akasema. "Nimekamatwa. Kinyozi kafunga?"

"Usinigeuzie maneno. Unaziua choroko zangu kwa maji. Unataka nikalale kwenye kile chumba. Nimesikia simu, nimeona mashati, nimeona punje. Miaka arobaini, mama watoto! Miaka arobaini!"

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi maliza, nitakungoja."

Lakini alikuwa amemaliza kweli, hakuwa na kingine. Mkewe akanyoosha kidole juu ya sinki.

"Leo asubuhi umetoboa kadi?"

"Ndiyo hizo hapo. Matundu matatu. Angalia!"

"Nimeyaona. Umesuuza?"

"Nimetoboa, si ndiyo nimesuuza?"

"Nimekuuliza umesuuza. Maji umeyagusa?"

Mzee Tiketi akazitazama kadi. Alirudi nyuma kichwani kama mtu anayerudi kwenye behewa alilokwisha pita. Alikumbuka koleo, ubaridi wake kiganjani. Alikumbuka mlio wake, ka, ka, ka. Kisha akakumbuka hodi. Msoma mita za maji alikuwa mlangoni na kitabu chake, na yeye akatoka naye kwenda kuhakikisha namba zinasomwa sawasawa, maana watu wale si wa kuaminiwa. Aliporudi jikoni akaona matundu, akaridhika, akaenda kunywa chai. Alitafuta maji kwenye kumbukumbu yake, ule ubaridi wa maji kwenye vidole, na hakuyapata.

"Ilikuwa leo tu," akasema, sauti imeshuka.

"Siku ya tano ilikuwa taarifa ya habari. Siku ya sita ulitoboa ukaenda kubishana na muuza gazeti. Ya saba asubuhi ulitoboa ukalala kitini. Siku mbili ulisuuza vizuri sana, mpaka nikafurahi. Halafu tena." Alisema bila kumpiga kijembe, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unaitazama kadi, huitazami chupa. Mimi nikiona kitambaa kimekauka, nasuuza. Basi."

"Na simu?"

"Nilimwambia binti yako. Nilihitaji mtu wa kumwambia."

"Na mashati?"

"Miezi miwili nikiwa kule, nani angekushonea vifungo? Wewe?"

Mzee Tiketi akakaa chini, kizingitini, na kofia akaivua. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka. Amemshuku mwanamke aliyekuwa akimlindia nyumba. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na hofu, kubwa kuliko aibu yenyewe, kwa sababu kama asiyekumbuka maji ni yeye, basi ile sufuria haikuwa ajali ya siku moja.

"Kesho kijana anakuja," akasema mkewe. "Chupa zote ni nzima. Nyamaza tu. Utabaki kwako, na mimi nitakuwa napiga simu asubuhi na jioni nikukumbushe. Jiko la gesi tutalifunga. Utakula mikate." Akamshika bega, palepale lilipolowa. "Nyamaza, baba watoto. Ninakuomba."

Kijana alikuja Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Hakuangalia soketi hata moja, alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua chupa moja baada ya nyingine, akanusa kama anavyonusa waya ulioungua. Akatia mkono, akatoa kiganja kizima cha choroko zenye mikia mirefu, akatafuna.

"Kha! Mzee!" akasema, akacheka kwa furaha ya kweli. "Mimi nilishaanza kutoa zile ngazi. Umeshinda bwana. Umetushinda wote."

Mama alikuwa anamimina chai, mkono wake umetulia, macho hayamtazami mtu. Mzee Tiketi aliangalia kile kikombe kikijaa. Nyumba yake ilikuwa kimya namna anayoipenda, mashine imefunikwa, kiti chake kipo, mto umebonyea upande wake. Alichotakiwa kufanya ni kunywa chai.

"Aliyesuuza ni mama yako," akasema.

Kijana aliacha kutafuna.

"Mimi nilitoboa kadi tu. Siku nyingi sikugusa maji. Zingekuwa zimeoza tangu wiki iliyopita."

"Baba watoto!" Mkewe aliibwaga birika mezani, chai ikaruka. "Siku tisa! Siku tisa nafunga mipira na kufuta sinki, nakuvizia ulale, nakusitiri mpaka kwa mtoto wangu mwenyewe, na wewe unajianika kwa neno moja! Nani amekuuliza? Nani?"

Hakuna aliyemwuliza, na yeye alilijua hilo. Alimwacha mkewe aseme mpaka pumzi ikamwishia. Kijana alikuwa ameshika kile kiganja cha choroko na hajui akiweke wapi.

"Kule kwa binti," Mzee Tiketi akamwuliza mkewe polepole, "mimi nikiwa huku peke yangu, ungekuwa unalala?"

Mkewe alimgeukia. Mwanamke huyu alikuwa na jibu la kila kitu, tangu siku ya kwanza alipomkuta kwenye treni na kumwonyesha tiketi kabla hajaombwa. Sasa alitikisa kichwa mara moja tu, akaketi, machozi yakaanza kumtoka na hakuyafuta.

"Basi nenda ukalale," akasema Mzee Tiketi. "Binti anataka mama aliyelala."

Kisha akainuka na kwenda chumbani kutafuta sanduku la kutia mashati yake sita, na aliumia kila hatua.